Mtu Hajichagulii Koleo

Siku ya kuniaga, kati ya pilau na hotuba, Wakesho alinisogelea na simu mkononi. Kwa asiyemjua, Wakesho ndiye mdogo kuliko wote katika kikosi chetu cha mafundi wa ua wa umeme, ule unaowazuia ndovu wa mbuga wasiingie mashambani mwa watu huku upande wa Voi. Alinionyesha picha za makoleo, ambayo sisi kazini tunayaita plaisi. Mengine yalikuwa ya kawaida, mengine ya kukunja, yenye visu na misumeno na vifungua chupa vilivyojificha ndani ya mipini.

"Mzee Mwakio," akaniuliza, "nikitaka kununua moja tu inikalie miaka, nichukue gani? Hii ya kawaida ama hii multitool?"

Nikamwambia achukue ile itakayompikia chai. Watu wakacheka, naye akacheka, kisha msemaji mwingine akasimama kunisifu kwa mambo ambayo sikuyafanya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka na hotuba, na viatu, na jua, na ndovu, na mtu aliyechoka hivyo hujibu chochote ili aachwe. Lakini Wakesho alistahili jibu, kwa hiyo naliandika sasa nikiwa nyumbani, chini ya kilima cha Sagalla, ambako mke wangu amegundua kwamba mstaafu ni mtu mzuri sana wa kutumwa maji. Naandika kati ya jerikeni na jerikeni.

Ya vyeo na mishahara nitayaruka, hayakuwa ya kusimulia. Nitasema la koleo tu. Wengi wenu mlinikuta tayari nina jicho moja, na kwa adabu zenu hamkuuliza. Basi jibu la swali la Wakesho ndilo pia jibu la swali ambalo hamkuuliza. Koleo lililochaguliwa vibaya lilinitoa jicho la kushoto, na nusura linitoe rafiki. La jicho liliisha siku ileile. La rafiki ndilo lililonichosha.

Niliajiriwa asubuhi moja pamoja na Kilonzo. Mimi Mtaita wa hapa Sagalla, yeye Mkamba aliyezaliwa Voi, mrefu, mwenye mikono kama ya mtu aliyekusudiwa kuwa mkubwa zaidi halafu ikabadilishwa nia. Alikuwa anaongea tangu tulipokaribia geti na hajanyamaza vizuri mpaka leo. Tulikabidhiwa kwa Mzee Mwadime, kiongozi wa kikosi, mtu wa maneno machache aliyetoka kwenye mashamba ya mkonge ya Mwatate akiwa tayari amechoshwa na mitambo ya watu wengine.

"Mna plaisi?" akatuuliza, badala ya salamu.

Mimi sikuwa nayo. Kilonzo akatoa ya mjomba wake mfukoni, kwa fahari. Mzee akaifungua, akaifunga, akaiinua juani, kisha akaitupa kwenye gunia la vyuma chakavu mbele ya mwenyewe.

"Mzee, hiyo ni ya mjomba!"

"Mpe pole mjomba," akasema. "Twende mjini."

Duka alilotupeleka lilikuwa la Bwana Salim, karibu na soko la Voi. Salim ni mtu wa Pwani, familia yao imekaa Voi tangu zamani, na kila mara alipomwona Mzee Mwadime mlangoni alikuwa akiweka mikono kichwani kama aliyefiwa.

"Mwadime, leo waja kununua au waja kunitesa?"

"Yote mawili," Mzee akamjibu.

Hapo ndipo tulipofundishwa sheria yetu, na kabla sijaieleza lazima nieleze kazi yenyewe, maana kuna watakaosoma haya ambao hawajawahi kuushika ule waya. Waya wa ua wa ndovu si wa kufungia kuku. Ni chuma kigumu kilichokazwa mpaka ukikipiga kidole kinalia. Ndovu akiukata, ncha mbili huruka mbali, na kuziunganisha kunataka watu wawili. Mmoja ni mvutaji: anaukaza waya kwa winchi ya mkono, kisha anaibana ncha kwa koleo na kuitoa kwenye winchi. Wa pili ni mfungaji: anasimama mbele yake, uso karibu kabisa na ile ncha, akiifunga fundo na ile ncha ya pili. Kwa dakika hiyo kinachouzuia waya usiruke ni meno ya koleo peke yake. Yakiteleza, waya hurudi kama kiboko, na anayeukuta njiani ni mfungaji. Mvutaji hata vumbi haligusi shati lake.

Ndiyo sababu katika kikosi chetu mtu hajichagulii koleo. Koleo lako huchaguliwa na mwenzako, yule atakayesimama mbele yake. Utalinunua wewe na kulibeba wewe, lakini atakayesema hili ndilo au hili silo ni yeye. Nimewahi kusikia watu wa vikosi vingine wakitucheka kwa desturi hii. Wacheke. Mzee Mwadime alisema mtu akijichagulia koleo huangalia mkono wake, lakini akichaguliwa na mwenzake, huyo mwenzake huangalia macho yake mwenyewe, na mtu hana mchezo na macho yake.

"Mwakio, mchagulie mwenzako," akaniambia pale dukani.

Nikachukua lililong'aa kuliko yote.

"Kwa nini hiyo?"

"Inaonekana nzuri, Mzee."

"Hata bibi harusi huonekana mzuri. Irudishe."

Kisha akatufundisha, bila haraka, huku wateja wengine wakitupita. Kwanza alilifunga koleo na kuliinua kuelekea mlangoni, jicho moja limefumbwa, akatazama mwanga. Penye makali ya kukatia usione mwanga hata wa unene wa uzi, na meno ya mbele yakutane sawasawa, lisipande moja juu ya jingine kama meno ya sungura. Pili, alilishika kwa mpini mmoja na kuuacha wa pili ushuke wenyewe. Ukianguka puu, ungio limelegea tangu kuzaliwa. Ukigoma kabisa, kuna siku mtu atalipigia nyundo. Unataka mpini ushuke taratibu, bila kuyumba kushoto na kulia. Tatu, alitoa mfukoni kipande cha waya wetu wenyewe, maana wenye maduka hukupa msumari mwororo ujaribie, na hata meno ya mtoto yanakata msumari ule.

"Ikitoka pengo, wailipa wewe," Salim akamwonya.

"Ikitoka pengo ni yako, ulitaka kuniuzia," Mzee akasema, akakata.

Baada ya kukata alipitisha ukucha juu ya makali. Ukucha ukikwama, hata kama jicho halioni kitu, makali yameumia, na chuma kilichoumia siku ya kwanza hakitapona siku ya mia. Mwisho aliukamata mpini kwa mkono wenye jasho na kuuzungusha ule mpira wake. Ukizunguka, utazunguka pia siku ya kazi. Na akatukanya tusidanganywe na mpira huo. Ni wa kustarehesha kiganja. Umeme unazimwa kwenye mashine, na unapiga simu kuhakikisha umezimwa, na ukishahakikisha unahakikisha tena.

Nilimchagulia Kilonzo koleo zito la rangi nyeusi ambalo hakulipenda. Yeye alikaa sana na langu. Alijaribu moja, akaweka, akajaribu jingine, akarudia la kwanza, mpaka Salim akaenda kuswali na kurudi. Nilimwuliza kwa nini anachelewa hivyo, akasema, "Sasa si ni sura yangu naichagulia?" Siku ile nilimpenda yule mtu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu baadaye ilifika wakati nikamchukia, na nataka mjue yalianzia wapi.

Koleo lile nililitumia mpaka meno yakawa laini kama fizi za mzee, na baada yake nikatumia mengine machache tu hadi nastaafu. Hayakudumu kwa sababu ya bei. Yalidumu kwa sababu yalichaguliwa vizuri na kutunzwa. Adui wa koleo huku kwetu ni vumbi jekundu. Linaingia kwenye ungio, likikutana na mafuta mengi linakuwa msasa, na linakula chuma polepole huku wewe ukidhani unalitunza. Kwa hiyo pangusa kwanza, kwa mafuta ya taa na kitambaa, ndipo utie tone la mafuta ya cherehani. Tone, si kijiko. Usilifanye nyundo. Usilifungulie nati, spana haijafa. Na usiliepulie sufuria. Kilonzo alikuwa na tabia ya kuepua sufuria ya ugali kwa koleo, na naapa sufuria imeharibu makoleo mengi kuliko kutu, maana moto hulainisha meno.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, yeye akivuta kwa sababu ya mikono yake, mimi nikifunga kwa sababu ya subira yangu, au ndivyo nilivyojisifia. Ndovu walikuwa wakijifunza kwa kasi kuliko sisi. Pembe ya ndovu haishikwi na umeme, na yeye anajua, sijui alisomea wapi. Huweka pembe chini ya waya, huinua, hukata, hupita. Mwingine huburuta mti mkavu na kuulaza juu ya ua kisha akavuka kama aliyejengewa daraja. Unaamka asubuhi unakuta kazi ya wiki iko chini, na mwenye shamba amesimama anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekula mahindi. Humlaumu. Unaanza upya. Kazi ile ni kuanza upya, na ninyi vijana mtachoka nayo kabla hamjaizoea. Mzee Mwadime alistaafu, akarudi kwao Wundanyi kulima kabichi, mahali ambapo ndovu hafiki. Nilimwonea wivu.

Miaka ikatuzidi. Mgongo ukaanza kunisumbua, magoti yakamsumbua Kilonzo, na urefu wa ua ukabaki uleule. Ndipo Kilonzo akaenda Taveta kwenye msiba wa shemeji yake, akarudi na mkungu wa ndizi na koleo la kukunja. Alilinunua sokoni, kwa mchuuzi aliyetandaza turubai. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kikosi kizima kilisimama kumzunguka akifungua kisu, msumeno, bisibisi, tupa ndogo, na kitu kimoja ambacho hakuna aliyejua kazi yake.

Sitalisingizia koleo la kukunja. Mgala muue na haki yake mpe. Lile la Kilonzo lilikata kamba, lilimenya nyaya ndogo, lilifungua skrubu za mashine ya umeme, lilitoa mwiba wa mgunga kwenye soli ya kiatu, na siku ya mvua lilifungua kopo la maharagwe ambalo lingetushinda. Nayo makoleo ya kukunja hayalingani. Lililo zuri, mipini yake ikifunguka inaganda kwa kufuli na haichezi hata ukiibana, na pini yake ni nene. La Kilonzo mipini yake ilikuwa bati lililokunjwa. Ukibana kwa nguvu, ilijipinda kidogo kuelekea ndani, kisha ikarudi, kana kwamba hakuna kilichotokea. Niliona hilo siku ya kwanza.

"Kilonzo, hii hatujaichagua," nikamwambia.

"Kaka, hii si plaisi. Hii ni kisu kimemeza plaisi."

"Basi kwenye waya isifike."

"Itafikaje na ile nyeusi uliyonichagulia iko kwa begi?"

Na kwa kitambo ile nyeusi ilikuwa kwenye begi kweli. Lakini begi ni zito, magoti yanauma, na kiunoni kuna kitu chepesi kinachofanya karibu kila kazi. Namwelewa. Hakuamua siku moja kuacha koleo lake stoo. Aliliacha mara moja kwa sababu kazi ilikuwa ndogo, akaliacha tena kwa sababu mara ya kwanza hakukutokea neno.

Siku yenyewe tuliitwa upande wa chini ya Sagalla, kwenye shamba la Mama Mkawasi. Ni mjane, analima pojo, na mwaka ule mvua ilikuwa imemkubali. Pojo zilikuwa zimekauka vizuri, akingoja wanawake wa kanisa waje kumsaidia kuvuna kesho yake. Ndovu walikuwa wameangusha nguzo mbili na kukata nyaya zote, na nyayo zao zilikuwa zimeishia ukingoni mwa shamba, kana kwamba walikuja kukagua tu.

"Watarudi leo," Mama Mkawasi akasema. "Wanangu, mkiniwekea moto kwa hiyo waya kabla jua lizame, nimevuna. Mkishindwa, basi."

Tulisimamisha nguzo. Tukazima umeme, tukahakikisha, tukahakikisha tena. Jua lilikuwa linashuka na sote watatu tulikuwa tunaliangalia bila kulitaja. Tulipofika kwenye waya wa juu nilikuwa nimeshika ncha yangu, fundo nusu, nikamsikia Kilonzo akiachia winchi. Macho yangu yalikuwa kwenye fundo. Miwani ya kazi ilikuwa shingoni mwangu, imechubuliwa na vumbi mpaka ukiivaa unaona maziwa, na hakuna kati yetu aliyekuwa akiivaa. Nikainua uso kusema "shika," na nikaona mkononi mwake mipini ya bati ikijipinda.

Sikusikia maumivu mara moja. Nilisikia waya ukilia, kisha nikasikia Kilonzo akiita jina langu kwa sauti ambayo sikuijua. Mama Mkawasi alinifunga kichwa kwa leso yake. Kilonzo alinibeba mgongoni, kwa magoti yale, mpaka barabarani tulipopata bodaboda. Njia nzima hakusema neno. Kwa Kilonzo, hiyo peke yake ilitosha kuniambia hali ya uso wangu.

Daktari alifanya aliloweza. Jicho halikuokoka. Na ndovu walikuja jioni ileile, maana ua uliachwa wazi, wakala pojo, wakakanyaga walichoshindwa kula. Mama Mkawasi alipokuja kuniona nyumbani aliniletea ndizi mbivu, na nilipoanza kumpa pole ya shamba akanikatiza.

"Ndovu nimewazoea," akasema. "Hilo jicho lako ndilo sijazoea."

Waliokuja kuniona walikuwa wengi. Kilonzo hakuja. Wiki ya kwanza nilimtetea kwa mke wangu, nikasema ana aibu. Baadaye nikaacha kumtetea. Nililala kitandani nikihesabu mema yote niliyowahi kumfanyia, kazi ya kipumbavu kuliko zote, na nikamchukia. Sikumchukia kwa jicho. Mikono huteleza, hata mimi koleo limenitelezea. Nilimchukia kwa kutokuja.

Niliporudi kazini nilikuta mambo mawili. La kwanza, mtu wa jicho moja hajui ncha ya waya iko wapi. Anaiona, anaupeleka mkono, mkono unashika hewa. Ilibidi nijifunze upya kazi niliyoifundisha wengine, na mkubwa wetu, kwa wema, akataka kuniweka stoo nihesabu misumari. La pili, Kilonzo alikuwa ameomba kuondolewa kwenye nyaya. Alikuwa anafyeka nyasi chini ya ua pamoja na vibarua, kazi ya watu wa mwezi mmoja. Walimwambia arudi kwenye ufundi, akakataa. Wakampa koleo mkononi, akaliweka chini. Akiniona nakuja, alihama upande wa pili wa ua na kufyeka huko, ingawa huko hakukuwa na nyasi.

Nilipangiwa wenzangu wengine. Walikuwa vijana wazuri, na nilikuwa nikitetemeka kila mmoja wao aliposhika waya mbele yangu. Hawakuniuliza kitu, lakini waliona. Nami nikajua kwamba nikiendelea hivyo nitaishia stoo, Kilonzo ataishia kwenye nyasi, na miaka yetu yote itakuwa imekwisha siku ile kwenye shamba la pojo. Hasira nayo inachosha. Kuna wakati unaiweka chini kwa sababu tu mikono imechoka kuibeba, wala si kwa utakatifu wowote.

Jumamosi moja nilikwenda kwake Mwatate. Alikuwa uani anaosha viatu. Aliponiona akasimama, akatazama chini, povu linamchuruzika mikononi.

"Kaka," akasema.

"Kausha mikono. Twende kwa Salim."

"Kwa Salim kufanya nini?"

"Huna plaisi. Fundi hana plaisi, ataenda kwa Salim kufanya nini, kunyoa?"

"Mwakio, mimi siwezi. Nikishika tu, naiona ile siku. Waambie wakupatie mtu mwingine."

"Wamenipatia. Nawaogopa wote."

"Na mimi huniogopi?"

Nilifikiria kumdanganya. "Nakuogopa kuliko wote," nikamwambia. "Kausha mikono."

Bwana Salim alituona mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuweka mikono kichwani. Alitoa makoleo yake yote, akayapanga juu ya meza, akaenda kusimama mbali. Nikaanza na la kwanza. Kulitazama koleo kwenye mwanga watu hufumba jicho moja. Mimi kazi hiyo nilikuwa nimeshafanyiwa. Nikalirudisha. La pili liliyumba ungio. La tatu ukucha ulikwama. Nilichelewa makusudi kidogo, na kidogo kwa sababu kweli nilikuwa nikiogopa, na nilitaka Kilonzo aone kwamba naogopa na bado nachagua. Nilipolipata nililolitaka nikamwekea kiganjani na kuvifunga vidole vyake juu yake.

Alikaa juu ya mfuko wa saruji wa Salim na kulia kama mtoto, mtu mzima wa miaka ile, mbele ya wateja. Salim akawaambia wateja, "Duka limefungwa kidogo, jamani, rudini baadaye."

Basi, Wakesho, jibu lako ni hili. Nunua yote mawili ukiweza. La kukunja liwe la kufuli na pini nene, likae kiunoni, likate kamba na lifungue makopo, na lisiguse waya uliokazwa hata siku moja, hata jua likiwa linazama na mjane anakutazama. La kawaida usilitafute kwenye simu. Nenda dukani na mwenzako, umpe yeye achague, na umvumilie akichelewa. Na miwani vaa. Ikichubuka, dai nyingine, piga kelele mpaka wakuchoke.

Jumatatu iliyofuata Jumamosi ile ya kwa Salim tulipelekwa chini ya Sagalla, kwenye ua uleule, mpakani mwa shamba lilelile. Waya wa juu ulikuwa umekatwa tena. Mama Mkawasi alikuwa akipalilia, akaacha jembe, akasimama. Mkubwa wetu alikuwa amekuja na gari, na alipoona Kilonzo akichukua winchi alishuka kuja kutuzuia, kisha akaona nyuso zetu na kubaki amesimama hapo gari lilipokuwa.

Kilonzo akaukaza waya. Akaibana ncha kwa koleo jipya, akaiachia winchi taratibu, na nikaiona mishipa ya mikono yake imetuna mpaka kwapani. Nikavaa miwani mipya. Nikasogea mahali pangu, uso mbele ya ncha, na mwili wangu wote ukakataa. Nikausukuma, ukaenda.

"Kaka," akasema, "uso geuza kidogo. Ama fumba jicho."

"Nimebaki na moja, Kilonzo. Nikilifumba nitafungaje? Wewe shika."

Akashika.